Betri ya Moyo: Tuulize Kwanza, Tuchange Baadaye

Katika toleo hili tunajifunza juu ya kile kifaa ambacho wengi wetu hukiita betri ya moyo. Kuna mama wa jumuiya yetu ndogo ambaye moyo wake ulidhoofika baada ya kujifungua. Daktari alitaja mashine, nasi tukakimbilia kuitisha harambee kabla hata ya kuuliza ni mashine gani. Hilo lilikuwa kosa letu. Mzee wake naye akaelewa ati mashine ikishaingia, dawa si lazima tena. Akaacha kununua vidonge ili aweke pesa. Baada ya wiki tatu mama akarudi wodini miguu imefura, hawezi kulala chali.

Moyo ni pampu. Ukiwa mzima, kila unapodunda chumba chake cha kushoto husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo. Daktari akipiga picha ya eko na kupata asilimia 35 au chini, basi moyo umechoka sana. Presha isiyotibiwa, mishipa ya moyo kuziba, pombe nyingi, hata uja uzito, vyote vyaweza kuleta hali hiyo.

Sasa vifaa. Pesimeka husaidia moyo unaodunda polepole mno. Ya kwanza kuwekwa ndani ya mwili ilikuwa ya Arne Larsson, huko Sweden, mwaka 1958. Ilikufa baada ya saa chache tu! Lakini yeye aliishi hadi 2001, akiwa amebadilishiwa zaidi ya mara 20.

Difibrileta ni kitu kingine. Moyo dhaifu unaweza ghafla kutetemeka tu bila kusukuma damu, na mtu akafa kwa dakika chache. Kifaa hiki hukaa chini ya ngozi karibu na bega, kikichunga mapigo kupitia waya, na hatari ikitokea huupiga moyo stima. Aliyepigwa husema ni kama teke la punda. Dakt. Michel Mirowski alianza kukifikiria baada ya mkubwa wake wa kazi kufa kwa ugonjwa wa mapigo, na mwaka 1980 kikawekwa kwa mgonjwa wa kwanza huko Baltimore, Marekani. Tuelewe vizuri: hakiponyi udhaifu wa moyo. Kinazuia kifo cha ghafla, na vidonge vinaendelea.

Aina ya tatu hudundisha pande mbili za moyo kwa pamoja. Hufaa yule ambaye kipimo cha umeme wa moyo kimeonyesha pande hizo hazipatani. Kwa huyo, kuhema hupungua na moyo unaweza kupata nguvu.

Kwa kawaida daktari humpa mgonjwa dawa kamili kwa miezi mitatu hivi kabla ya kuamua, kwa maana mioyo mingine huinuka yenyewe, hasa ya akina mama waliojifungua. Ndivyo ilivyokuwa. Mama yetu alirudia dawa, kipimo kikapanda, na mpaka leo hajahitaji mashine. Waliochanga wakaanza kuuliza pesa zao ziko wapi! Tulikaa nao jioni mbili tukieleza kwamba zinanunua vidonge.

Anayewekewa kifaa asiinue mkono wa upande ule juu ya bega kwa wiki kadhaa, wala kubeba mtungi. Simu aweke mfuko wa upande wa pili. Akae mbali na mashine ya kuchomelea vyuma. Kidonda kikifura au kutoa usaha, hospitali siku hiyo hiyo. Betri nayo huisha baada ya miaka, mara nyingi kati ya 5 na 10, na kuibadilisha ni upasuaji mwingine wa kulipiwa. Ulizeni SHA mapema watalipa kiasi gani.

Ya kujadili katika jumuiya: Ni nani kwetu anahema akipanda mlima na hajapimwa? Tukiitisha harambee ya mgonjwa, nani atatangulia kuongea na daktari? Na betri ikiisha, tutachanga tena?