Mapovu ndani ya Bilauri: Kumfundisha Mhandisi wa Vifaa Tiba kwa Njia ya Mtandao

Muuguzi anayetaka kujua kama mashine ya kuzalisha oksijeni inafanya kazi mara nyingi huchukua bilauri ya maji safi, akatumbukiza ncha za mirija ya puani, akatazama. Mapovu yakipanda, mashine huhesabiwa kuwa nzima. Jaribio hilo lina faida yake, kwani huonyesha kuwa mrija haujaziba na kwamba kuna hewa inayotoka. Lakini mapovu hayasemi ni hewa gani. Mashine iliyochoka yaweza kutoa lita 5 kwa dakika za hewa isiyotofautiana sana na hii tuivutayo sote, yenye oksijeni takriban asilimia 21, na mapovu yake yakapendeza vilevile. Mtoto mwenye nimonia aliyelazwa kando ya mashine hiyo ataendelea kuhangaika kupumua huku kila kitu kikionekana kuwa shwari.

Mtu anayetarajiwa kuligundua jambo hilo mapema ni mhandisi au fundi sanifu wa vifaa tiba. Swali la makala hii ni namna anavyofundishwa, hasa katika wakati huu ambapo sehemu kubwa ya masomo ya vyuo vikuu humfikia mwanafunzi kupitia kompyuta au simu. Swali hili si la wahadhiri wa uhandisi peke yao. Mtumishi wa afya na mgonjwa ndio wanaobeba gharama ya jibu lisilo sahihi.

Masomo yaliyotundikwa tu

Vyuo vingi vya elimu ya juu vinaendesha masomo ya mtandaoni kwa mifumo kama Moodle, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Janga la UVIKO-19 mwaka 2020 liliwasukuma hata wale waliokuwa wakisitasita. Kwa bahati mbaya, mara nyingi kilichofanyika ni kuchukua muhtasari wa mhadhara uleule, kuutundika kwenye mfumo na kuweka tarehe ya mtihani. Mwanafunzi hupakua, husoma usiku wa kuamkia mtihani, hufaulu, kisha husahau. Kwa maoni yangu hiyo ni karatasi iliyobadilishiwa rafu, na si haki kuihukumu elimu ya mtandao kwa kuitazama karatasi hiyo.

Hata kozi zilizoandaliwa kwa uangalifu mkubwa zimetupa funzo la unyenyekevu. Mwaka 2012 Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, nchini Marekani ilifungua kwa dunia nzima, bila malipo, kozi yake ya saketi na elektroniki. Waliojiandikisha walikuwa 154,763. Waliofikia mwisho na kutunukiwa cheti walikuwa 7,157, yaani chini ya watu 5 katika kila 100. Miongoni mwa wachache waliopata alama zote alikuwamo kijana wa miaka 15 wa Ulaanbaatar, Mongolia, na habari zake zilisambaa kote kama muujiza wa intaneti. Jambo lililotajwa kwa sauti ndogo ni kwamba shuleni kwake kulikuwa na mkufunzi aliyefika na vifaa vya maabara. Wanafunzi walitazama masomo kwenye kioo, kisha wakaunda saketi kwa mikono yao huku mtu akiwa karibu wa kuulizwa. Kipaji kilikuwapo bila shaka, na meza ya kazi ilikuwapo pia.

Maabara iliyo mbali

Mhandisi hujifunza kwa kupima, na vifaa vya kupimia ni ghali. Ndiyo maana mwaka 1998 MIT ilianza kuwaruhusu wanafunzi kupima transista halisi zilizoko maabara wakiwa vyumbani mwao. Mwanafunzi huchagua kiasi cha volti kwenye kompyuta yake, kifaa kilichoko mbali hupokea amri, hupima, na kurudisha majibu. Katika muongo wa kwanza wa karne hii mpango huo ulifika Afrika kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Makerere na Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo cha Nigeria. Ugumu uliojitokeza haukuwa wa akili za wanafunzi, bali wa njia nyembamba ya intaneti ya siku zile. Hilo lilisaidia kuonyesha kuwa namba chache za majibu hupita kirahisi pale ambapo picha ya video hukwama.

Ipo pia njia ya pili, ya maabara ya kuigiza, ambamo hakuna kifaa halisi popote. Kila kitu ni mchoro unaotii kanuni za fizikia. Wengi wetu tuliolelewa kwenye meza za kazi tuliidharau. Lakini mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha matokeo ya makundi mawili ya wanafunzi wa fizikia. Kundi moja lilijifunza saketi kwa balbu na nyaya halisi, jingine kwa kuigiza kwenye kompyuta. Baadaye makundi yote mawili yaliombwa kuunda saketi halisi na kueleza inavyofanya kazi, na kundi la kompyuta likafanya vizuri zaidi. Sababu inaeleweka: kwenye kioo mwanafunzi aliweza kuuona mkondo wa umeme, jambo ambalo waya wa shaba haumwonyeshi mtu. Matokeo hayo yalihusu saketi rahisi na wanafunzi wa ngazi ya mwanzo. Hata hivyo yanatuonya tusiseme kwamba mkono ni bora kuliko kioo katika kila jambo.

Somo moja la mfano

Turudi kwenye mashine yetu. Ndani yake kompresa hufyonza hewa ya chumbani kupitia chujio, huikandamiza na kuisukuma katika mitungi miwili iliyojaa punje za madini yaitwayo zeolaiti. Punje hizo hunasa naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa, na kuiacha oksijeni ipite. Mtungi mmoja ukielemewa, vali hugeuza njia ili mtungi wa pili ufanye kazi huku wa kwanza ukitoa naitrojeni yake nje. Zamu hizo hubadilishana kila baada ya sekunde chache, mchana na usiku. Mashine nzima hutoa oksijeni ya takriban asilimia 90 hadi 96. Ikishuka chini ya asilimia 82, haifai tena kwa tiba.

Maelezo hayo yanatosha video ya dakika 6. Natamka dakika 6 kwa makusudi: uchunguzi wa mamilioni ya vipindi vya utazamaji wa masomo ya mtandaoni, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa watazamaji huanza kuponyoka video inapozidi muda huo. Video ichukuliwe kama mlango tu. Somo lenyewe huanza baada ya hapo, kwa swali kama hili:

Umeitwa wodi ya watoto. Mashine inaonyesha lita 5 kwa dakika, taa ya tahadhari imewaka, na kipimo cha oksijeni ulichokuja nacho kinasoma asilimia 74. Mtoto yuko kwenye mrija. Utafanya nini kwanza?

Mwanafunzi wa uhandisi huvutwa na mashine. Atachagua kufungua kifuniko, au kukagua chujio. Mfumo haupaswi kumjibu kwa alama nyekundu ya kosa. Unapaswa kumwonyesha dakika zikipita na kiwango cha oksijeni katika damu ya mtoto kikishuka. Jibu la kwanza ni kumwambia muuguzi mara moja ili mtoto ahamishiwe kwenye mtungi wa oksijeni au mashine nyingine. Mwanafunzi aliyekosea hapo, peke yake mbele ya kioo, hajamdhuru mtu yeyote, na kosa hilo atalikumbuka. Sijui njia nyingine ya kufundisha jambo hili kwa usalama kama huo.

Mtoto akishahamishwa, uchunguzi huanza, na kila kipimo anachokiomba mwanafunzi hurudishiwa namba. Je, mtiririko umefunguliwa kupita uwezo wa mashine? Hilo peke yake hushusha usafi wa oksijeni, kwani hewa hupita haraka kuliko zeolaiti inavyoweza kunasa. Chujio limejaa vumbi? Kompresa hukosa hewa ya kukandamiza. Shinikizo la ndani liko chini ilhali chujio ni safi? Kwa kawaida kompresa imechakaa au kuna mahali panapovuja. Shinikizo ni zuri lakini usafi ni duni? Shaka ihamie kwenye vali zisizogeuka au zeolaiti iliyolowa. Zeolaiti hupenda maji kuliko inavyopenda naitrojeni, hivyo unyevu ukishaingia huishi humo na kuiharibu. Anayetunza mashine katika hospitali za pwani, ambako hewa ni nzito kwa unyevu, asilione jambo hili kuwa la vitabuni.

Muhimu ni kwamba mwanafunzi abashiri kabla ya kuonyeshwa. Aandike kwanza: "Nadhani shinikizo litakuwa chini," ndipo namba itokee. Na swali hilohilo, kwa sura nyingine, limrudie baada ya juma moja, kisha baada ya mwezi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 na wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, lilionyesha kuwa waliosoma matini tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya juma moja walipitwa na wale waliotumia muda wao kujipima. Hospitali haimwiti fundi baada ya dakika 5. Humwita baada ya miaka.

Yasiyopita kwenye kioo

Kuna mambo ambayo hayafundishiki hivi, na ni wajibu wetu kuyataja. Uzito wa bisibisi mkononi wakati skrubu inakaribia kuvunja uzi wa plastiki. Harufu ya koili inayoungua. Mlio wa kompresa yenye afya, na ule wa kompresa inayolalamika. Rekodi ya sauti husaidia kidogo, lakini wodi ina kelele zake, na sikio hulazimika kujifunzia humo.

Usalama wa fundi mwenyewe ndio mpaka ulio wazi kuliko yote. Mashine ya kushtua moyo huhifadhi chaji kubwa ya umeme ndani ya kapasita, na chaji hiyo yaweza kubaki hata baada ya kuchomolewa ukutani. Mwanafunzi anaweza kusoma utaratibu wa kuiondoa chaji hiyo mtandaoni mara kumi, na asome. Kuifungua mashine kwa mara ya kwanza kufanyike akiwa amesimama kando ya mkufunzi aliyewahi kuifungua. Chuo kinachompa mwanafunzi cheti bila saa hizo kimeuhamishia wajibu wake hospitalini.

Wodi kama darasa

Msomaji ambaye ni muuguzi au tabibu atauliza: mimi nahusikaje? Maswali mazuri ya somo la mtandaoni hayatungwi ofisini. Hutoka kwenye hitilafu za kweli, na shahidi wa kwanza wa hitilafu ni wewe. Fundi hufika saa kadhaa baadaye, wakati mwingine siku kadhaa, akaikuta mashine imesukumwa ukumbini na kipande cha plasta kimebandikwa juu yake kikiwa na neno moja: MBOVU. Neno hilo halimfundishi fundi chochote, wala mwanafunzi aliyefuatana naye.

Muuguzi anaweza pia kufanya jaribio moja linalozidi bilauri kwa manufaa. Wakati mashine haijaunganishwa na mgonjwa, finya kwa muda mfupi mrija unaotoka kwenye chupa ya unyevu. Chupa iliyofungwa sawasawa hutoa mlio kupitia vali yake ya usalama, au kigoli cha kipimo cha mtiririko hushuka. Visipotokea vyote viwili, hewa inavujia mahali fulani, mara nyingi kwenye kifuniko cha chupa kilichopinda, na mgonjwa hapati lita zinazosomwa. Jaribio hili nalo halipimi usafi wa oksijeni. Kazi hiyo ni ya kipimo maalumu, na wodi ina haki ya kumuuliza fundi alikitumia lini mara ya mwisho.

Kwa mgonjwa anayetumia mashine nyumbani na jamaa zake, maelekezo ni machache. Iachieni nafasi ya angalau sentimita 30 kutoka ukutani na kwenye pazia ili ipumue. Oshani chujio la nje kama mlivyoelekezwa na likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Pasiwe na moto wala sigara karibu. Msiongeze mtiririko bila idhini ya mtoa huduma, kwa sababu ya mgonjwa mwenyewe na kwa sababu iliyoelezwa hapo juu kuhusu zeolaiti. Taa ya tahadhari ikiwaka, tumieni oksijeni ya akiba mliyopewa na mpigie simu kituo chenu.

Na pale mashine inapoharibika wodini, plasta ile ile inatosha kuandika mistari mitatu: ilikuwa imefunguliwa lita ngapi, taa ipi iliwaka, na ilikuwa imefanya kazi kwa saa ngapi kabla ya kubadilika. Fundi akiinakili mistari hiyo na kuituma chuoni bila jina la mgonjwa, juma lijalo kuna mwanafunzi atakayeikuta kwenye simu yake ikiwa swali, akiwa bado na nafasi ya kukosea.