Mwenye Nyumba na Mchora Ramani



Katika mambo ambayo mtu huyafanya mara moja katika umri wake, na kosa lake likakaa naye mpaka siku ya kufa kwake, kujenga nyumba ni katika ya mwanzo. Kanzu ikikosewa hufumuliwa, na wali ukiungua hupikwa mwengine. Lakini ukuta ukikosewa hukaa pale ukimtazama mwenyewe asubuhi na jioni. Kwa hiyo somo letu la leo tumeliweka juu ya jambo ambalo wengi wetu twalidharau, nalo ni mashauri baina ya mwenye kutaka nyumba na yule amchoreaye ramani yake.

Sababu ya kuandika haya ni kuwa usiku mmoja, baada ya sala ya isha, walitujia watu wawili wakitaka tuwaamue. Mmoja alikuwa mwenye nyumba, mtu aliyejinyima miaka mingi hata akapata kiwanja na fedha za kuanzia. Na wa pili ni kijana mchora ramani. Nyumba ilikuwa imekwisha fika kwenye linta, na siku hiyo mwenye nyumba alikuwa amempeleka mkewe kuiona kwa mara ya kwanza. Bibi yule alisimama katikati ya sebule, akalitazama jiko lililokuwa wazi kwenye sebule hiyo hiyo pasina ukuta, akauliza neno moja tu: "Wageni wako wakija, mimi nitapita wapi?"

Mume hakuwa na jawabu. Akamgeukia mchoraji, akamwambia, "Umeniharibia nyumba." Mchoraji akasema, "Bwana, picha uliniletea wewe katika simu yako, nami nimechora ulichonionesha. Na nusu ya ujira wangu hujanilipa." Tulipowauliza waliandikiana nini, walitazamana. Hapakuwa na karatasi yo yote illa ramani yenyewe.

Twasema kweli: kila mmoja wao alikuwa na haki, na kila mmoja alikuwa na kosa. Na makosa yao si yao peke yao, bali ni ya miji yetu yote. Basi natuyatazame moja moja.

La kwanza ni kujua ni nani unayemwendea. Si kila achoraye ni msanifu wa majengo. Hapa Kenya jina la usanifu limelindwa kwa sheria, nayo ni Sura ya 525, na wenye kazi hiyo huandikishwa katika daftari la bodi yao. Tena kwa sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019, haifai kujenga kabla ya kupata idhini ya serikali ya kaunti. Kwa hiyo usione haya kumwuliza mtu amesajiliwa wapi. Na bora kuliko hayo, mwambie akuoneshe nyumba mbili tatu alizozichora zikajengwa, kisha uwaendee wenyewe uwaulize: Je, mvua za masika hazikuingia? Je, gharama ilizidi kiasi gani? Je, alikuwa akija kutazama kazi, au alichukua fedha akaenda zake? Mwenye kuoza binti yake huuliza habari za mchumba. Na mwenye kutoa akiba ya umri wake mzima ana haki ya kuuliza vile vile.

La pili ni kuyajua mahitaji yako kabla ya kalamu kugusa karatasi. Yule bwana wetu alipeleka picha ya nyumba ya watu wengine, wa nchi nyengine, wenye maisha mengine. Picha haimwambii mchoraji kuwa mama yako ni mzee, hawezi kupanda ngazi. Wala kuwa una watoto wa kiume na wa kike ambao, kwa mafunzo ya dini yetu, yapasa kutengwa malazi wafikapo miaka 10. Wala kuwa kila Ijumaa wakujia wageni wanaume kumi. Keti na watu wa nyumba yako, na wa mbele katika hao ni mkeo, kwani yeye ndiye atakayekaa humo zaidi kuliko wewe. Andikeni: ni wangapi watakaolala, ni nani atakayezidi baada ya miaka kumi, wageni wataingia mlango gani, nguo zitaanikwa wapi, maiti akitokea ataoshewa wapi. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nur ametufundisha kuwa hata watoto wa nyumbani waombe ruhusa katika nyakati tatu za faragha. Basi itakuwaje adabu hiyo katika nyumba ambayo chumba cha wazazi ndicho njia ya kwendea choo?

Wazee wetu hawakuwa na picha za simu, lakini walilijua jambo hili. Tazama nyumba za mawe za Lamu, mji ambao mwaka 2001 uliwekwa katika urithi wa dunia. Mgeni hukaribishwa kwanza dakani, penye viti vya mawe. Kisha iko tekani, iliyopinda ili aliye mlangoni asione ndani. Kisha kiwanda cha wazi kinacholeta mwanga na upepo. Kisha misana, na mwisho kabisa ndani kwenyewe, penye zidaka, mahali pa watu wa nyumba. Kila hatua moja yamzidishia mtu sitara. Na vyumba vile ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazibebi dari pana. Upana wake mara nyingi haufiki mita 3. Yaani fundi wa kale aliyapima mahitaji ya familia pamoja na uwezo wa vifaa vyake. Hatusemi leo tujenge vile vile, kwani zege na chuma vimetupa nafasi ambayo wao hawakuwa nayo. Twasema tuuchukue ule ufahamu.

La tatu ni kiwanja chenyewe. Usikubali ramani ya mtu asiyekanyaga kiwanja chako. Mombasa na Makka tukufu ziko karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini. Basi choo kikielekezwa mashariki au magharibi, umesalimika. Ijapokuwa wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamelegeza katika choo kilichojengwa, kujiepusha ni bora, na kwenye karatasi hakugharimu hata senti. Jua nalo hupiga kuta za mashariki na magharibi, kwa hiyo chumba cha kulala kikitazama magharibi bila ya kivuli, usiku wake huwa tanuri. Upepo wa kusi na wa kaskazi ni neema tuliyopewa bure: dirisha likikabiliwa na dirisha, nyumba hupumua. Na shimo la choo liwe mbali na kisima chako na cha jirani yako, kwani mwamba wetu wa matumbawe una matundu, na uchafu hupita humo kwa wepesi. Kumnywesha jirani maji machafu ni dhulma, hata kama hukukusudia.

Wako na wale wachinjao mbuzi wakamwaga damu msingini, wakidhani ndiyo kinga ya nyumba. Ndugu zetu, nyufa nyingi hazitoki kwa majini. Zatoka kwa msingi mbaya, na kwa mchanga wa bahari ambao chumvi yake hula chuma kilicho ndani ya zege. Bei ya mbuzi huyo mpe mhandisi akupimie udongo.

La nne ni kwenda kwa hatua. Mchoraji mwema hakupi ramani nzima siku ya kwanza. Hukupa kwanza mchoro mwepesi wa kuonesha vyumba na njia, mkaujadili, akabadilisha. Hapa ndipo pa kusema yote yaliyo moyoni, kwa sababu hapa kosa hufutwa kwa raba, na huko mbele halifutiki illa kwa nyundo. Na ukiwa huwezi kusoma ramani, jambo ambalo si aibu, chukua kamba na majivu, uchore vyumba juu ya ardhi kwa vipimo vyake, umlete mkeo na mama yako watembee humo. Weka kitanda, weka meza, uone kama mtu apita. Mkiridhika, ndipo ichorwe ramani kamili. Ndipo mkadiriaji akupe hesabu ya gharama. Ndipo idhini itafutwe. Ndipo jembe liingie ardhini. Na hesabu ikizidi uwezo wako, punguza nyumba. Usiende kukopa kwa riba ukamaliza ghorofa ya kuwaonesha watu.

La tano, nalo ndilo lililowaleta wale wawili kwetu, ni kuandikiana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni ya 282 katika Sura ya Bakara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Na mafakihi wamesema kuwa katika ijara yapasa kazi ijulikane na ujira ujulikane. Kwa hiyo hati itaje: kazi ni nini, ujira ni kiasi gani na utalipwa kwa mafungu gani, mabadiliko mangapi yamo ndani ya ujira huo, ada za kaunti ni juu ya nani, mchoraji atakuja mara ngapi kutazama ujenzi, na mmoja akitaka kuacha, watahesabianaje. Na ikiwa ujira ni sehemu katika mia ya gharama ya nyumba, basi gharama hiyo nayo iandikwe, isije ikawa ujira wa kufumba macho. Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha mwenye nyumba naye amlipe mtu haki yake kwa wakati wake. Kuchora ni kazi kama kuchimba msingi, ijapokuwa jasho lake halionekani.

Ama wale wawili, tuliwapatanisha kwa sulhu. Mchoraji aliichora upya sehemu ya jiko bila ya ujira, na mwenye nyumba alimlipa deni lake lote na gharama ya kuvunja na kujenga ikawa juu yake. Safari hii bibi alikuwapo, na yeye ndiye aliyeonesha mahali pa mlango wa pili. Kuta mbili zilivunjwa. Vifusi vyake vingali uani mwa nyumba ile, na bwana yule hutuambia kuwa hataki viondolewe upesi, ili kila ajaye kumwuliza habari ya kujenga avione kwanza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azifanye nyumba zetu ziwe za sitara na utulivu. Amin.