Kizunguzungu cha Ghafla: Tuulize Kwanza

Wanafunzi wenzangu, huku kwetu Kawangware mtu akishikwa ghafla na kizunguzungu, jasho jembamba likamtoka na akajiona kama yuko mbali na mwili wake, utasikia, "Ana mapepo huyo!" Kwa shangazi yangu Kibera ni hayo hayo. Mimi nasema tuulize kwanza: amekula? Ubongo hutegemea sukari ya damu. Mgonjwa wa kisukari aliyejidunga insulini bila kula yumo hatarini zaidi. Kama anaweza kumeza, apewe chai yenye sukari upesi. Kusimama sana gwarideni nako huteremsha damu miguuni. Alazwe, miguu iinuliwe. Hofu kuu pia huleta hali hii. (Kumcheka hakusaidii.)

Swali ninaloliogopa ni hili: je, kulikuwa na jiko la makaa ndani? Wengi wetu twalala chumba kimoja, na baridi ya Julai hutufanya tuzibe kila upenyo. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Kichwa huuma, mtu huchanganyikiwa, hulegea, mlango asiufikie. Wakiugua wawili watatu pamoja, usimtafute mganga. Fungua mlango, watoe nje, kisha mbio hospitalini, hata wakisema wamepata nafuu.