Aliyekuinua Bado Amefungwa?



Leo tujifunze kwa mchongaji wa ng'ambo ya Ziwa letu. Gregory Maloba, Mkenya, alisomea sanaa Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell, kisha akafundisha hapohapo. Mwaka 1962 Uganda ilipopata uhuru, sanamu yake ilisimamishwa Kampala: mama amezungushiwa vifungo mwilini, lakini mikono yake inamwinua mtoto juu.

Mtoto yuko huru, ila mama bado amefungwa. Hapo ndipo sanamu ilinichoma. Mama yangu aliuza dagaa Mwaloni, hapa Kirumba, ili nisome. Siku ya mahafali ya digrii ya falsafa nilimtambulisha harakaharaka, nikageukia wageni wengine. Hakusema kitu.

Niliungama. Lakini jamani, toba isiyofika kwa uliyemuumiza imeishia njiani. Jumamosi nilikwenda Mwaloni, nikamwomba msamaha, nikabeba magunia yake mchana kweupe.

Yesu alimfufua Lazaro, ila kumfungua sanda aliwaachia waliokuwepo (Yn 11:44).

Swali la wiki: nani alikuinua, na bado amefungwa na nini? Usimwombee tu. Mpigie leo.