Kuishi na Kufundisha Ugenini: Somo kwa Sisi Tunaomaliza Masomo



Mwezi huu sisi viongozi wa wanafunzi wa mwaka wa sita tumepewa nafasi ya kuandika somo katika gazeti letu. Tumechagua jambo ambalo linazungumzwa sana usiku wakati taa zimezimwa: kisha Egzeta, twende wapi? Mmoja anasema Kindu, mwingine Bukavu, mwingine Lubumbashi, na wengine wanaota Ulaya.

Lakini kuna vijana ambao njia yao ilikuwa kinyume cha hiyo. Walitoka Ulaya, Marekani na Haiti, wakaja kufundisha katika nchi yetu. Tutazame walifanya nini, kitu gani kilifaulu na kitu gani kilishindwa, kisha tujiulize sisi wenyewe. Sababu iko karibu. Wazazi wa vijiji vya jirani wameomba sisi wa mwaka wa sita twende kufundisha watoto wao kusoma katika likizo kubwa. Mbele ya kujibu ndiyo ao hapana, inafaa tujue kazi yenyewe.

1. MTU WA KUJITOLEA NI NANI?

Si mtalii, kwa sababu mtalii anakuja kutazama, kisha anarudi. Si mfanya biashara, kwa sababu hatafuti faida. Tena si mtu anayefanya kila kitu bure kabisa, maana lazima ale na alale. Mtu wa kujitolea anapewa nyumba, chakula na pesa kidogo ya kutumia. Anafanya kazi kwa muda uliopangwa, mara nyingi mwaka mmoja ao miwili, chini ya wakubwa wa pale alipotumwa.

Sisi tunaosoma Biblia tunajua kwamba Paulo alishona hema kule Korinto ili asiwalemee watu (Matendo 18). Basi kufundisha mbali na kwenu bila kuwa mzigo kwa wenyeji si jambo jipya.

2. HISTORIA FUPI

Mwaka 1958 Mwingereza Alec Dickson na bibi yake Mora walianzisha chama kinachoitwa VSO. Wanafunzi, sikilizeni vizuri: watu wa kwanza waliotumwa walikuwa vijana waliotoka tu kumaliza masomo ya sekondari, umri wa miaka 18 hivi, kama sisi. Walipelekwa Ghana, Nigeria na pengine. Baadaye nchi zilizowapokea zilisema: tunapenda vijana hawa, lakini tunahitaji watu wenye ufundi. Pole pole VSO ikaacha kutuma vijana wa umri huo, ikatuma watu wenye diploma na kazi mikononi. Tulishike neno hilo, tutalirudilia.

Tarehe 1 mwezi wa 3, 1961, Prezida John F. Kennedy wa Marekani alianzisha Kikosi cha Amani. Mwaka ule ule kikundi cha walimu kilifika Ghana, na kikundi cha wapimaji na mafundi kilifika Tanganyika. Tena mwaka 1961 ulianza mpango mwingine wa kutuma walimu vijana Kenya, Uganda na Tanganyika. Wengi wao walipita kwanza chuo cha Makerere, Uganda, kujifunza kazi ya ualimu mbele ya kupewa darasa.

Na kwetu? Wakati wa uhuru, mwaka 1960, Kongo nzima ilikuwa na watu wasiofika 30 waliomaliza universite. Wabelgiji wengi waliondoka, masomo yakabaki bila walimu. Umoja wa Mataifa ulitafuta watu wanaosema Kifaransa, na mamia ya walimu walitoka Haiti wakaja. Wao walikuwa weusi kama sisi, watoto wa watumwa waliopata uhuru wao mwaka 1804. Wengi walikimbia pia utawala mkali wa Duvalier kwao. Si wote walikuja kwa kujitolea, wengi walikuwa na mkataba na mshahara. Lakini waliishi ugenini na kushika choki pahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuishika.

Kikosi cha Amani kiliingia kwetu mwaka 1970. Vijana wake walifundisha Kiingereza, hesabu na fizike katika sekondari, na wengine walifundisha wakulima kuchimba vidimbwi vya samaki. Vikundi vingi vilifanya mafunzo yao Bukavu: lugha, desturi na ginsi ya kufundisha. Mmoja wao, Mike Tidwell, alikaa Kasai kuanzia 1985 mpaka 1987 akifundisha ufugaji wa samaki, kisha akaandika kitabu juu ya maisha yale.

3. MAISHA YENYEWE UGENINI

a) Lugha. Mwalimu mgeni anafundisha kwa Kifaransa, lakini sokoni Kifaransa hakinunui mihogo. Asiyejua Kiswahili anakaa kama mtoto: lazima mtu amwombee maji. Walioshika lugha katika miezi ya kwanza walipata rafiki na heshima. Walioikataa walibaki wageni mpaka siku ya kurudi.

b) Chakula na afya. Ugali, sombe, wali na mawese si chakula kibaya, lakini tumbo la mgeni linahitaji wakati. Malaria haiulizi diploma. Mwalimu mgonjwa ni darasa bila somo, kwa hiyo chandarua na maji ya kuchemsha ni vyombo vya kazi, sawa na choki.

c) Darasa. Kwao mgeni alizoea wanafunzi 20 ao 25, kila mmoja na kitabu chake. Kwetu anakuta 50 ao zaidi, na kitabu kimoja kiko mikononi mwa mwalimu. Basi somo linaandikwa ubaoni, wanafunzi wanakopi, na nusu ya saa imekwisha. Mwalimu mwenye akili anajifunza kugawanya watoto katika vikundi, kuandika ubaoni mbele ya kengele, na kutumia vitu vya hapa: mawe kwa hesabu, chupa na maji kwa fizike.

d) Upweke. Zamani barua ilichukua wiki nyingi. Leo iko simu, lakini pahali pengi mtandao haushiki. Siku ya sikukuu bila wa kwenu ni ndefu. Dawa yake ni kutembelea watu na kukubali kutembelewa.

e) Mwenendo. Hapa tunasema bila kuficha. Mwalimu kijana, awe mgeni ao mwenyeji, asiwe na urafiki wa siri na mwanafunzi wake. Mwalimu anashika pointi na nguvu, mwanafunzi hana kitu. Mwalimu anayevunja jambo hilo anavunja kazi yake yote, na kuumiza mtoto wa watu.

4. KITU GANI KILIBAKI?

Mwezi wa 9, 1991, askari waliasi kule Kinshasa, maduka na nyumba zikaporwa. Kikosi cha Amani kikaondoa watu wake wote, na kazi yake katika nchi yetu ikaisha. Mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa hapa jana, leo hayuko. Pale ambapo hakukuwa na Mkongo aliyefundishwa kushika pahali pake, somo lilianguka.

Sasa tulinganishe na kitu cha kwetu hapa Kasongo. Kuanzia mwaka 1971 waganga wa Chuo cha Tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi hapa katika mpango uliojulikana dunia nzima kwa jina la Kasongo. Hawakutaka kila mgonjwa aje kwa mganga Mzungu hospitalini. Walitia nguvu katika vituo vya afya vijijini, chini ya wauguzi wenyeji. Mganga mgeni akirudi kwao, muuguzi anabaki na kazi inaendelea. Hiyo ndiyo tofauti. Nguvu ya mgeni inaonekana zaidi siku anapoondoka kuliko siku anapofika.

Tanzania pia inatufundisha kitu. Mwaka 1969 serikali ya Mwalimu Nyerere iliomba Kikosi cha Amani kiondoke (kikarudi mwaka 1979). Mwaka 1974 ikaamua kwamba kila mtoto aingie masomo ya msingi. Walimu watatoka wapi? Ilichukua maelfu ya vijana wake waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu huku wako kazini, kwa radio, kwa barua na kwa mwalimu mzoefu aliyewasimamia. Watoto wengi sana waliingia darasani. Lakini elimu ilishuka pahali pengi, maana moyo bila maarifa ya kutosha hauwezi kubeba darasa nzima. Ni neno lile lile la VSO.

5. NA SISI JE?

Tusifikiri kwamba ugenini ni lazima kupanda ndege. Kijana wa Kasongo mjini anayetumwa kijiji cha ndani Kabambare, pahali ambapo watoto wadogo wanasema Kibangubangu nyumbani, ni mgeni kweli kweli. Wakongo wengi wamefundisha Burundi na Rwanda, na leo wako wanaofundisha Kifaransa Tanzania, Kenya na Uganda. Umoja wa Afrika nao ulianzisha mwaka 2010 kikosi cha vijana wa kujitolea, wenye miaka 18 mpaka 35, wanaotumika mwaka mmoja katika nchi nyingine ya Afrika. Basi mlango uko wazi.

Turudi kwa ombi la vijiji. Kati yetu wako waliosema mara moja: twende! Ni moyo mzuri. Lakini kuna jambo moja zito. Tangu mwezi wa 9, 2019, masomo ya msingi ya Leta ni bure. Hata hivyo wako walimu wanaofundisha miaka na miaka bila jina lao kufika katika orodha ya mishahara. Wanaishi kwa kidogo ambacho wazazi wanawapa, kikombe cha mchele ao franka chache. Tukifika sisi na kufundisha bure, mzazi atasema: kwa nini nimpe mwalimu kitu, na vijana hawa hawaombi? Tutarudi mwezi wa 9 tukisifiwa, na mwalimu yule atakuwa ameacha kazi na kwenda kuchimba dhahabu. Watoto watakuwa wamepata miezi miwili na kupoteza mwaka.

Kwa hiyo tunatoa shauri letu mbele ya Bwana Prefe na ninyi nyote:

Kwanza, tusiende pahali bila direkta na mwalimu wa kijiji wenyewe kutuita. Ombi la wazazi peke yake halitoshi.

Pili, tukae kando ya mwalimu, tusikae pahali pake. Yeye afundishe, sisi tusaidie watoto wanaobaki nyuma katika kusoma, watano watano.

Tatu, wazazi waambiwe siku ya kwanza, mbele ya watu wote, kwamba kuja kwetu hakuondoi haki ya mwalimu.

Ine, twende wawili wawili, tena dada wasipewe nyumba ya mbali na watu.

Tano, kila siku tuandike katika kaye: mtoto gani anajua herufi gani. Siku ya kuondoka kaye hiyo ibaki kwa mwalimu, isirudi nasi.

Tukikubali hayo, sisi tuko tayari kwenda. Tusipokubali, ni heri kukaa nyumbani kusaidia wazazi shambani.

6. MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini VSO iliacha kutuma vijana wa miaka 18? Sababu ile inatuhusu sisi namna gani?
2. Taja vitu viwili ambavyo mwalimu mgeni anajifunza kwa wenyeji.
3. Mwalimu wa kijiji akikataa tuje, na wazazi wanataka, tufanye nini?
4. Mtu akifundisha kwenu mwaka mmoja, ungependa aache kitu gani nyuma yake?

Majibu yaandikwe kwa karatasi na kupewa kapita wa darasa. Mazuri yatatiwa katika gazeti lijalo. Walimu wetu pia tunawaomba waandike, hasa wale waliofundishwa na wageni wakati wa Zaire. Wao walikaa kwenye benchi zile, wanajua kitu gani kilibaki kichwani.

Ni sisi, viongozi wa wanafunzi, mwaka wa sita.