Somo la Nje ni Afya kwa Mtoto



Siku moja mama mmoja alimleta mwanawe hospitalini, mvulana wa darasa la nne, vidole vya miguu vimejaa funza. Mama alikuwa na hasira. "Sista," akaniambia, "mwalimu wao kila Alhamisi anawatoa nje kusomea mashambani na mtoni. Mimi nilimpeleka shule akasome, si akazurure. Sasa nimemkataza."

Baada ya kumtoa mtoto funza nikauliza: "Mama, huyu huenda shule na viatu?" Akanyamaza. Mtoto alikuwa akitembea pekupeku tangu nyumbani, na funza huzaliana katika vumbi la uani na karibu na mabanda ya nguruwe. Kosa halikuwa la somo. Kosa lilikuwa la miguu mitupu.

Somo la nje ni nini?

Ni kipindi cha kila wiki ambacho mwalimu hufundisha nje ya darasa, akiwa na shabaha yake. Wengi wetu tunakumbuka shamba la shule, tangu Mwalimu Nyerere alipotangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Nia ilikuwa njema, lakini mahali pengine jembe lilibaki na somo likasahauliwa. Mtoto akipalilia chai saa mbili bila kufundishwa neno, hiyo ni kazi. Akipima mgomba kwa kamba, akahesabu vichane vya mkungu na kuandika daftarini, hilo ni somo. Mzazi ana haki ya kumwuliza mwalimu: leo wamejifunza nini?

Faida zake kwa afya

1. *Macho.* Mtoto anayekaa ndani muda mrefu, macho karibu na daftari au simu, yumo katika hatari zaidi ya kutoona vizuri vitu vya mbali. Huko Guangzhou, China, shule 12 zilichunguzwa kwa miaka mitatu, na matokeo yakatolewa mwaka 2015. Nusu ya shule hizo ziliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Katika shule hizo watoto kama 30 kati ya 100 walipata tatizo hilo. Katika shule nyingine walikuwa karibu 40. Mwanga wa nje hukinga, ila hauponyi. Mtoto ambaye tayari haoni ubao apelekwe kupimwa.

2. *Mifupa na mwili.* Jua likipiga ngozi, mwili hutengeneza vitamini D inayoimarisha mifupa. Hapa Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mawingu ni mengi. Siku ya jua tusiipoteze. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku.

3. *Akili.* Tunaye kipunji, nyani wa msitu wa Mlima Rungwe. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kwa jina lake, lakini wataalamu walimtambua mwaka 2003 tu, baada ya kusikia habari zake kwa wenyeji. Mtoto anayefundishwa kutazama anaweza kuona ambayo vitabu havijaandika.

Wajibu wetu wazazi

- Mtoto avae viatu, hata katambuga. Viatu huzuia funza, na pia minyoo ya safura inayopenya kwenye nyayo.
- Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, akae kivulini. Asiachwe darasani peke yake.
- Mwenye pumu au kifafa, mwalimu aambiwe mapema. Mwenye kifafa asikaribie maji bila mtu mzima.
- Radi ikianza kunguruma, somo lihamie ndani ya jengo. Watoto wasijikinge chini ya mti.
- Mto Kiwira una nguvu. Watoto wautazame wakiwa mbali na ukingo, pamoja na watu wazima wa kutosha.
- Akiumwa na nyoka, msichanje wala msifunge kamba. Atulizwe, asitembee, abebwe kwenda hospitali haraka.
- Wakirudi, wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Yule mama alirudi baada ya wiki mbili kwa uchunguzi. Miguu ilikuwa imepona na mtoto alivaa raba za mtumba. Nilimwuliza mtoto kama sasa anakwenda na wenzake. Akamtazama mama yake kwanza. Mama akasema, "Alhamisi iliyopita alikwenda. Kabla ya hapo alikuwa anabaki darasani peke yake, analia. Sikujua."

Kinga ni bora kuliko tiba, wazazi wangu. Lakini kinga ya mtoto si kumfungia ndani. Ni kumwandaa, kisha kumruhusu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Ni watoto wangapi katika Jumuiya yetu wanaokwenda shule bila viatu? Tutawasaidiaje?
2. Ni nani kati yetu, mkulima wa chai, mfugaji au mfuga nyuki, anayeweza kumwalika mwalimu alete darasa lake kwake?