Mfereji Ukikuuma: Umeme Umeingiaje Kwenye Maji?

Unafungua mfereji utie udhu, na vidole vinasisimka kana kwamba vimeumwa na sisimizi. Wengi wetu huvaa kandambili na kuendelea. Usifanye hivyo. Huo ni umeme unaovuja, na mwili wako umekuwa njia yake ya kufika ardhini.

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, kitu cha kushukiwa kwanza ni pampu. Hukaa karibu na kisima au tangi la chini, ikipandisha maji hadi darini. Hewa ya bahari na maji ya chumvi hula viungo vya nyaya. Waya wenye moto ukigusa mwili wa pampu, bomba la chuma lililounganishwa nayo nalo linapata stima.

Mbona fyuzi haikatiki? Tufanye hesabu. Umeme wa nyumbani ni volti 240. Tuseme waya wa athi, ule wa kijani na manjano, unaishia kwenye chuma kilichopigwa ardhini chenye ukinzani wa omu 20. Gawa 240 kwa 20, unapata ampia 12. Fyuzi ya ampia 30 haishtuki, na pampu inaendelea kusukuma maji. Ilhali miliampia 30 tu, yaani kama sehemu moja ya nane ya umeme unaowasha balbu ya wati 60, zinaweza kuuvuruga moyo.

Jambo linalosahaulika ni bomba lenyewe. Zamani mafundi walizoea kufunga waya wa athi kwenye bomba la chuma la maji, kwa kuwa lilizikwa ardhini masafa marefu. Bomba hilo likioza, kipande kinabadilishwa kwa plastiki. Maji yanapita vizuri, lakini njia ya umeme kwenda ardhini imekatika, na hitilafu iliyokuwa ikiishia huko sasa inakusubiri kwenye mfereji. Kwa hivyo kama uliumwa baada ya fundi wa bomba kupita, mwambie fundi wa stima mapema.

Kabla hajafika, waondoe watoto bafuni. Kwa mikono mikavu na viatu vikavu, zima swichi kubwa. Usiguse mfereji tena "kuhakikisha".

Fundi atapima kwa mita kati ya mfereji na ardhi (testa pekee haitoshi, taa yake huwaka hata kwa umeme hafifu). Volti zikitoweka swichi kubwa ikizimwa, kosa limo ndani ya nyumba. Atawasha laini moja moja mpaka zirudi. Zikibaki, zinatoka nje. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, na pengine bomba ni moja, basi jirani naye aombwe kuzima kwake. Hapo panahitaji maneno mazuri, maana hakuna apendaye kuambiwa stima yake inauma watu. Bado zipo? Pigia Kenya Power, 97771.

Fundi awe na leseni ya EPRA, omba kuiona. Mwambie arekebishe athi, aunganishe nayo mabomba ya chuma yaliyobaki, na afunge swichi inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Swichi hiyo ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze mbele yake kabla hujamlipa.